Maji Kwanza, Samaki Baadaye

Mtu aliyekulia Golbanti, kwenye delta ya Mto Tana, hahitaji kuelezwa maji ni nini. Ameuona mto huo ukija na rangi ya chai ya maziwa wakati mvua inaponyesha huko juu, ukapanda kingo, ukaingia mashambani, na uliporudi ukaacha tope ambalo mpunga na migomba huinukia. Wazee watamwambia kwamba mto ulibadilika baada ya mabwawa ya juu kujengwa, hasa Masinga lililokamilika mwaka 1981, kwa sababu sehemu kubwa ya tope hutulia humo na haifiki tena huku chini. Mkulima wa delta hasifu maji kwa kuwa maangavu. Anauliza yamebeba nini.

Swali hilo hilo ndilo linalosahaulika mtu anapofunga lita hamsini za maji ndani ya kioo, akazipanda majani na kuweka samaki wa mapambo sebuleni. Sheria za humo ni zile zile za mtoni, ila mto haupo kurekebisha makosa. Nitalieleza jambo hili kwa kisa. Kijana wa kisa ni wa kutungwa, wala simpi jina. Makosa yake si ya kutungwa, maana hufanywa na karibu kila anayeanza, awe Garsen, Nairobi au Hamburg.

Alikuwa amemaliza kidato cha nne na kupata kazi ya kuhudumu katika kibanda cha M-Pesa pale Garsen. Alipokwenda Mombasa kwa shughuli za familia aliona tangi la samaki lililopandwa majani, taa ikiwaka juu yake, samaki wakipenya katikati ya vichaka vya kijani. Hakulala vizuri usiku ule. Akakusanya akiba yake, akanunua tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, pampu ndogo ya hewa, sifongo ya kuchujia, changarawe za bluu, miche michache ya majani, samaki wa dhahabu wanne na gapi kumi. Samaki wakafungwa katika mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa, naye akapanda basi la kupitia Malindi akiwa ameipakata.

Alifika nyumbani alasiri. Kabla ya magharibi tangi lilikuwa limeoshwa, limejazwa maji ya bomba, changarawe zimetandazwa, majani yamechomekwa, na samaki wote kumi na wanne wamo ndani. Watoto wa jirani walijaa mlangoni. Kila mmoja aliomba kuwalisha, na kila mmoja aliruhusiwa. Maji yalikuwa maangavu kiasi kwamba ungeweza kusoma gazeti upande wa pili.

Siku ya tatu maji yakaingia weupe, na samaki wakahamia juu, midomo ikifunguka na kufumba kwenye uso wa maji. Mjomba wake, mvuvi wa siku nyingi, alipita kumsalimu dada yake, akasimama mbele ya kile kioo.

"Mjomba, samaki wako wanatafuta pumzi."

"Naona, mjomba. Nifanyeje?"

"Maji haya yamechoka. Yamwage yote, uwape mengine."

Akayamwaga yote. Sifongo akaikamua chini ya bomba mpaka ikarudi kama mpya, na changarawe akazisugua kwa chumvi. Usiku ule gapi sita walikufa. Kufikia Ijumaa aliyebaki ni samaki wa dhahabu mmoja, amelala ubavu.

Mjomba hakuwa na nia mbaya, wala si mjinga wa samaki. Ushauri wake unafaa kwa karai la samaki waliovuliwa leo na watakaouzwa kesho. Ila ndani ya tangi kulikuwa na jambo ambalo yeye na mpwa wake hawangeweza kuliona kwa macho.

Samaki hutoa amonia, nyingi kupitia matamvua yake na kiasi katika haja zake. Chakula kisicholiwa kikioza hutoa amonia pia. Haina rangi, na kwa kiwango kinachoua samaki huenda usisikie hata harufu. Mtoni husombwa na kuyeyushwa katika maji mengi. Katika tangi hukaa pale pale, samaki akiipumua. Kinachoiondoa ni bakteria wanaoshika makazi juu ya mchanga, majani, kioo na sifongo. Kundi la kwanza hubadilisha amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu: huigeuza damu ya samaki kuwa ya kahawia na kuizuia isibebe oksijeni, kwa hiyo samaki hutweta hata pampu ikiwa inapiga mapovu. Kundi la pili hubadilisha nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili kwa kiasi kikubwa, na ambayo mimea huila. Bakteria hawa hawaji na tangi kutoka dukani. Huzaliana wenyewe polepole, na kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita kufikia wingi wa kutosha.

Kijana aliwapa siku sifuri. Walipoanza kushika makazi, akawakamua chini ya bomba lenye klorini, dawa ambayo kazi yake ni kuua bakteria.

Joto la Garsen nalo linazidisha shida. Amonia ina sura mbili majini, moja kali na moja pole, na kadiri maji yanavyokuwa na joto na pH ya juu ndivyo ile kali inavyoongezeka. Katika nyuzi 25 na pH 7, sehemu kali haifiki asilimia 1 ya amonia yote. pH ikipanda hadi 8 tu, inapita asilimia 5. Tena maji ya joto hushika oksijeni kidogo: kwenye nyuzi 20 lita moja hubeba takriban miligramu 9, kwenye nyuzi 30 zinabaki kama 7 na nusu. Anayeishi kwenye baridi ya Limuru anaweza kukosea akasamehewa. Huku kwetu pwani samaki hulipa mapema.

Basi nini kilitakiwa? Kwanza kabisa, tangi lianze na mimea peke yake. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, maana wengi hudhani majani ni pambo la kumalizia. Majani ndiyo mtambo. Mmea unaokua kwa nguvu hunywa amonia moja kwa moja, mara nyingi kabla bakteria hawajaigusa. Mwanasayansi wa Marekani Diana Walstad alilieleza hili kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu ikolojia ya matangi yaliyopandwa, na njia inayoitwa kwa jina lake inawafaa sana watu wetu kwa kuwa haihitaji mitambo ya bei. Unatandaza udongo wa kawaida wa shamba, usio na mbolea wala samadi, unene wa sentimita mbili na nusu hivi. Juu yake unaweka mchanga uliooshwa, unene kama huo huo, ili udongo usipande kuchafua maji. Unapanda majani mengi tangu siku ya kwanza, mengi kuliko unavyodhani yanatosha. Unamwagia maji taratibu juu ya sahani iliyolazwa mchangani ili mchanga usichimbike. Halafu unaacha.

Kuacha ndiko kugumu. Kuna wiki ambapo tangi halina samaki hata mmoja na wageni wanauliza umenunua kioo cha kazi gani. Vumilia. Kama una vipimo vya amonia na nitriti, subiri mpaka vyote vionyeshe sifuri kwa siku kadhaa mfululizo huku majani yakitoa machipukizi mapya. Kama huna, tazama majani: yakiwa yanakua na wiki tano au sita zimepita, weka samaki wawili au watatu wadogo, si kumi na wanne. Wape wiki mbili. Ongeza wengine wachache. Na samaki wa dhahabu si wa tangi hili. Hupenda maji ya baridi zaidi, hukua wakubwa, huchafua sana, na hung'oa na kutafuna majani.

Chakula kiwe cha kumalizwa ndani ya dakika mbili, mara moja kwa siku. Mtoto akiomba kulisha, mpe punje tatu mkononi, kopo libaki kwako. Kila wiki toa robo ya maji na kurudisha mengine. Maji ya bomba yaachwe wazi kwenye ndoo usiku na mchana, klorini ya kawaida ipae. Sifongo ikamuliwe ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, kamwe si chini ya bomba. Maji ya kisima yaonjwe kwanza, kwani visima vingi vya delta vina chumvi. Tangi lisikae dirishani linapopigwa na jua la mchana, la sivyo ndani ya wiki mbili utakuwa na supu ya mwani. Taa ya saa nane inatosha, na hata sita si vibaya mwanzoni. Usiku mimea haitengenezi oksijeni, inaitumia pamoja na samaki, kwa hiyo saa ya hatari ni alfajiri: amka siku moja kabla ya jua uwatazame. Wakiwa juu wanatweta, samaki ni wengi mno, au pampu inahitaji kupiga usiku kucha. Stima ikipotea, kama inavyopotea, tangi lenye majani mengi na samaki wachache litakaa salama mpaka irudi. Lile lililojazwa samaki halitakaa.

Kijana wetu alijifunza sehemu ya haya, akaanza upya. Mara hii alitaka majani ya bure, akaenda kwenye dimbwi lililoachwa na mafuriko, akaingia mpaka magotini na kurudi na fungu la majani na konokono kadhaa alioambiwa kwamba watasafisha kioo.

Hapa naomba msomaji wa Tana River asinichukulie juu juu. Kichocho kipo katika bonde hili, na anayekibeba ni konokono wa maji baridi. Konokono aliyeambukizwa huachia viini majini kila siku, na viini hivyo hupenya ngozi ya mtu bila maumivu. Kumleta sebuleni, kisha ukatumbukiza mkono mpaka kiwiko kupanga majani, ni kujitakia ugonjwa. Majani ya porini yanaweza kutumika, na baadhi ni mazuri sana: Ceratophyllum, ile yenye vishada vya sindano laini isiyo na mizizi, na Vallisneria yenye majani kama utepe, zote ni za Afrika na hukua haraka katika joto letu. Ila yachukuliwe ukiwa mahali pakavu kwa kutumia upondo, si kwa kuingia majini, kwa sababu ya kichocho na kwa sababu ya mamba. Yaoshwe, yakaguliwe jani kwa jani, mayai ya konokono yanayoonekana kama ute unaong'aa yakwanguliwe, kisha yakae kwenye ndoo peke yake kwa wiki kadhaa, yakikaguliwa tena kabla ya kuingia tangini. Konokono wote watupwe nchi kavu wakiwa wamepondwa.

Tangi la pili lilifanikiwa. Majani yalijaa, gapi wakazaa. Mwenzake wa Malindi akamzawadia mmea wa kuelea, majani madogo ya mviringo yenye rangi ya kijani kibichi. Ukiinama uyatazame kwa karibu, uso wa kila jani umejaa vinywele vilivyosimama safu kwa safu, ncha zake zimekutana juu, na tone la maji likidondoka hapo hubingirika likaanguka bila kulilowesha. Ni mmea wa kuvutia kweli. Jina lake ni Salvinia molesta, na kwao ni Brazili. Baada ya mwezi ulikuwa umefunika uso wote wa tangi, giza likaingia chini, majani mengine yakaanza kuoza. Kijana akauzoa kwa bakuli na kuutupa mferejini nyuma ya nyumba, pale ambapo maji ya mto hufika kila yanapofurika.

Samaki kumi na watatu waliokufa mwanzoni ni hasara ya mtu mmoja. Bakuli lile ni habari nyingine.

Nisemayo hayatoki kichwani mwangu. Salvinia ilionekana Ziwa Naivasha katika miaka ya 1960, ikatanda ikaziba maeneo makubwa ya ziwa mpaka fukusi mdogo wa kwao Brazili, Cyrtobagous salviniae, mdudu asiyezidi milimita chache, alipoletwa kuila. Kariba, katika Mto Zambezi, iligunduliwa mwaka 1959, miezi michache tu baada ya bwawa kufungwa. Kufikia 1962 ilikuwa imefunika takriban kilomita za mraba 1,000. Mfano unaonitia hofu zaidi ni wa Mto Sepik, Papua New Guinea, kwa kuwa nchi ile inafanana na hii yetu: mto mrefu unaojipinda, tambarare ya mafuriko, na maziwa mengi ya kando yanayolishwa na mto. Mimea michache iliingia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hatimaye kilomita za mraba zipatazo 250 zilifunikwa. Mitumbwi ilishindwa kupita, wavuvi wakashindwa kutega, wagonjwa wakakosa njia ya kufika zahanati, na vijiji vingine vikahamwa. Ni mdudu yule yule aliyewaokoa katika miaka ya 1980.

Mmea huo hauzai mbegu hai. Hauhitaji. Kipande kimoja chenye kichipukizi kinatosha, na katika maji ya joto yenye rutuba huongezeka maradufu kwa siku chache.

Gugu maji nalo, lenye ua la zambarau, lilisambazwa duniani na watu waliolipenda kwa ua lake kwenye vidimbwi vya bustani. Kwao ni Amerika Kusini. Naivasha lilionekana mwishoni mwa miaka ya 1980, na Ziwa Victoria karibu wakati huo huo. Mwaka 1998 lilikuwa limefunika zaidi ya hekta 17,000 katika Ghuba ya Winam peke yake, pale Kisumu, ingawa wadudu wa kulila walikuwa wameanza kuachiliwa mwaka 1997. Mbegu zake hulala kwenye tope miaka mingi zikingoja. Wavuvi wa Kisumu bado wanalo hadi leo.

Tena Tana River haihitaji kusimuliwa habari za mbali. Mti wa mathenge ulipandwa Bura na Hola kwenye miaka ya 1980 kwa nia njema kabisa, watu wa miradi ya umwagiliaji wapate kuni. Leo mfugaji yeyote wa Garsen anajua miiba yake inavyotoboa gurudumu na mguu, na sukari ya maganda yake inavyoharibu meno ya mbuzi. Serikali iliutangaza kuwa gugu hatari mwaka 2008. Kuutangaza kulikuwa rahisi.

Sasa fikiria maziwa ya delta kama Shakababo, ambayo uhai wake ni kupokea maji ya mto yanapopanda. Mafuriko yanayoleta mbegu za samaki na rutuba ndiyo yatakayobeba kipande cha bakuli lile. Delta hii iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani mwaka 2012. Orodha hiyo haizibi mfereji wa nyuma ya nyumba.

Linaloniuma ni kwamba kijana alisafiri hadi Mombasa kutafuta samaki wa kigeni wakati uzuri ulikuwa umelala chini ya miguu yake. Katika madimbwi ya msimu ya nchi hii wanaishi samaki wadogo wa jamii ya Nothobranchius. Madume yao yana bluu na nyekundu ambazo hakuna gapi anayezifikia. Dimbwi likikauka samaki wote hufa, lakini mayai yao hubaki hai ndani ya tope kavu miezi mingi, na mvua ikinyesha huanguliwa na kukua haraka mno, kwa kuwa dimbwi halitadumu. Mmoja wao, Nothobranchius willerti, alielezwa kisayansi mwaka 1992 kutokana na samaki wa Mnanzini, juu kidogo ya mto huu huu. Wafugaji wa Ulaya hutumiana mayai ya jamii hii kwa posta, yakiwa yamefungwa kwenye udongo wa mboji wenye unyevu kidogo. Mwalimu wa sayansi wa Golbanti anaweza kuwaonyesha wanafunzi wake dimbwi lao wenyewe kabla hajawaonyesha picha ya kitabuni. Asiwahamishe samaki hao kutoka dimbwi moja hadi jingine, wala asiachie gapi humo, kwani gapi ni mlaji wa mayai na makinda, na samaki anayeishi msimu mmoja hana mwaka wa pili wa kujirekebisha.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuanza, anza. Nunua kioo, panda majani, ngoja wiki zako sita, weka samaki wachache. Kabla hujapokea mmea wowote, uliza jina lake, na kama ni Salvinia au gugu maji ukatae hata ukipewa bure. Majani unayopunguza yaanike juu ya bati mpaka yavunjike mkononi, kisha yachome. Maji machafu ya tangi mwagilia mchicha mbali na mfereji. Samaki usiowataka mpe mwenzako mwenye tangi. Na kama ulishatupa kitu mferejini, nenda leo ukakitoe chote kabla mto haujapanda, halafu mwambie afisa wa uvuvi wa Garsen ulichotupa na mahali ulipokitupa.